Maumivu matatu, mwili mmoja: amitriptilini, duloksetini au pregabalini? Naomba waliozitumia waniambie

Mshona_Kofia #1
Assalam aleykum jamani. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, umri wangu miaka 47, nashona kofia za vito tangu nikiwa msichana. Naomba mniwie radhi kwa urefu, kwa sababu kila nikifupisha naambiwa "ni uchovu tu."

Nina maumivu ya namna tatu. La kwanza ni goti la kushoto. Picha imeonyesha gegedu limelika, nikishuka ngazi nasikia likisaga. La pili ni kipandauso, hunijia siku nane hadi kumi kwa mwezi, nusu ya kichwa, na nikifungua dirisha mwanga unanichoma. La tatu ni la mwili mzima: shingo, mabega, mapaja, viganja. Nalala muda wa saa nane na naamka kama sikulala, na vito nilivyokuwa nikivihesabu kichwani siku hizi vinanipotea. Bingwa mmoja Mombasa alinibonyeza hapa na pale, akapima damu, akaniambia hiyo ni fibromialjia. Juu ya yote nina presha, natumia losartani.

Sasa dawa. Daktari wa kwanza aliniandikia amitriptilini, niliimeza siku mbili nikaiacha. Kliniki moja hapa ikanipa tramadoli. Diklofenaki ya kutuliza maumivu nanunua mwenyewe dukani. Bingwa naye akasema nichague duloksetini au pregabalini, "nenda ukafikirie urudi baada ya mwezi." Nifikirie kwa elimu gani?

Swali langu: ipo dawa moja ya kushika mawili au yote matatu kwa pamoja? Simtafuti wa kunitibu humu, kwa daktari nitarudi. Nataka nirudi nikiwa na maswali yangu mkononi.

Nahodha_Ngomeni #2
Dada, pole sana. Pregabalini nilipewa kwa ajili ya mgongo unaoshuka hadi mguuni. Wiki ya kwanza nikasimama kwenye ukingo wa boti nikaona bahari mbili. Miguu ikavimba, viatu havingii. Nikairudisha. Kwa mtu wa chombo, kizunguzungu ni mauti. Wewe unakaa chini unashona, pengine haitakusumbua hivyo.

BintiShela #3
Mshona_Kofia, kama umeniandika mimi. Fibromialjia ninayo mwaka wa sita sasa, na kabla ya kupata jina nilipimwa malaria mara ngapi sijui.

Kuhusu amitriptilini: ulipewa ya miligramu 25, sivyo? Mimi pia. Usiku wa kwanza nilipitwa na alfajiri, nikaamka saa nne mchana ulimi umekauka kama mbao. Nikaiacha. Miezi baadaye daktari mwingine akaniambia nikate nusu, nimeze saa mbili usiku badala ya wakati wa kulala. Wiki mbili ngumu, ya tano nikaanza kulala usingizi wa kweli. Maumivu hayakuisha, nisikudanganye. Yalishuka kutoka kunilaza hadi kunisumbua. Na nimenenepa.

Jambo moja liliniumiza zaidi ya dawa. Shangazi yangu aliona karatasi ya dawa, akasoma, akaniuliza kwa sauti mbele ya wageni: "Kwani wamekupa dawa ya wazimu?" Nilikaa mwezi mzima namezea chooni.

Mzee_wa_Langoni #4
Mwanangu, muwili kuuma hivyo si mambo mageni hapa mui. Wewe mwaka wa 2004 ulikuwapo. Wakumbuka watu walivyokuwa wakipita ndiani wameinama kama waokota sindano? Visima vilikauka, kila nyumba ikaweka mai kwenye mapipa, mbu wakazaana, ikaingia chikungunya. Wazima walilala, maguu na vyanda vimevimba. Kutoka hapa ikenda Mombasa, ikenda Ngazija, ikenda Reunion. Mimi hadi yeo mkono wa kulia haufungi ngumi. Hayo majina mapya muyapendayo, asili yake ni ile homa.

Gede_Kijana #5
Mzee, shikamoo. Naomba tafsiri, "vyanda" ni nini? Mimi wa Malindi nimeelewa nusu.

Mzee_wa_Langoni #6
Marahaba. Vyanda ni vidole. Watu wa Malindi mumeuza Kiswahili pamoja na korosho.

Mfamasia_Malindi #7
Nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka 14. Nitajibu swali lenyewe kwanza.

Dada, maumivu yako hayana chanzo kimoja, kwa hiyo dawa haziyafikii kwa njia moja. Goti ni kiungo kilichochakaa, pale kuna msuguano na uvimbe kidogo, diklofenaki na ndugu zake hufanya kazi hapo. Fibromialjia hakuna kilichovimba wala kulika. Mfumo wa fahamu wenyewe umepandisha sauti, mguso mdogo unasikika kama pigo. Diklofenaki haina cha kushika huko, ndiyo maana unameza na bado mabega yanawaka. Kipandauso nacho kina njia zake.

Sasa zile tatu ulizotaja.

Amitriptilini ni ya zamani, ya bei nafuu, ipo karibu kila mahali. Inagusa fibromialjia, usingizi, na pia huzuia kipandauso kisije mara kwa mara. Goti haliijui. Ubaya wake ameueleza BintiShela: ulimi kukauka, kusinzia, choo kigumu, uzito. Mwenye tatizo la mapigo ya moyo au presha ya macho lazima amwambie daktari kabla. Kuhusu "dawa ya wazimu": ni kweli hutolewa pia kwa sonona (huzuni iliyo ugonjwa), ila huko ni miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kwa maumivu tunaanza na 10. Kwa kuwa hapa tunapata zaidi kidonge cha 25, watu huanzishwa juu, wanaanguka, wanaiacha. Siyo dawa iliyoshindwa hapo, ni kipimo.

Duloksetini inagusa fibromialjia, na ina ushahidi kwa goti lililochakaa pia. Kwa kipandauso si chaguo la kwanza. Kichefuchefu wiki mbili za mwanzo, ule kabla ya kumeza. Huweza kupandisha presha, na wewe unayo.

Pregabalini inagusa fibromialjia na maumivu ya mishipa ya fahamu. Kipandauso hapana, goti hapana. Huvimbisha miguu, hunenepesha, na kipimo chake hupunguzwa figo zikiwa dhaifu.

Ukihesabu hivyo, amitriptilini inashika mawili, duloksetini nayo inashika mawili, pregabalini moja. Lakini hesabu ya karatasi siyo mwili. Amitriptilini na duloksetini kwa pamoja siyo jambo la kujipangia, duloksetini huizuia amitriptilini isivunjwe haraka kwenye ini, ikajaa kwenye damu.

Mzee hapo #4, heshima yako. Nitarudi kwa chikungunya.

Tiba_za_Wazee #8
Mnamjaza dada yetu vidonge. Huu ni upepo na baridi iliyoingia kwenye mifupa. Anakaa sakafuni ya saruji siku nzima anashona. Aumikwe mgongoni na mabegani, ajisugue mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, anywe habasoda na manjano asubuhi. Mama yangu alikandwa siku saba akasimama.

Nesi_wa_Zamu #9
Kukandwa na mafuta ya moto sina neno, misuli hupata nafuu na anayekukanda anakusikiliza, hilo nalo ni dawa. Kuumikwa sharti wembe uwe mpya na vikombe visafi. Manjano ya kwenye chakula ni sawa, ila anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asile kwa vijiko.

Nachoogopa mimi ni zile unga zinazouzwa kwenye vikopo bila maandishi, "dawa ya viungo vyote." Unapona siku tatu, unafurahi, miezi miwili uso unakuwa duara kama mwezi na sukari inapanda. Dawa za namna hiyo zimewahi kupimwa nchi mbalimbali zikakutwa zimechanganywa na steroidi au diklofenaki hiyohiyo.

Mshona_Kofia, niambie mambo mawili. Diklofenaki unameza siku ngapi kwa mwezi? Na pakiti ya losartani imeandikwa nini hasa, soma yote.

Mshona_Kofia #10
Dada nesi, nimehesabu kwa kalenda. Nikijumlisha diklofenaki, tramadoli na vidonge vya kichwa vya dukani, mwezi uliopita nilimeza kitu siku 22. Sikujua ni nyingi hivyo hadi nilipoandika.

Pakiti imeandikwa losartani halafu mbele yake kuna herufi H. Nilidhani ni jina la kampuni.

Nesi_wa_Zamu #11
Hiyo H ni haidroklorothiazidi, dawa ya kukojosha maji. Basi wewe una losartani, una dawa ya mkojo, na una diklofenaki, zote tatu kwa pamoja. Kila moja inabana figo kwa upande wake: moja inapunguza maji, moja inalegeza mshipa wa kutokea, moja inabana wa kuingilia. Joto la Lamu, jasho, maji kidogo, figo zinaweza kuumia bila wewe kusikia chochote. Na diklofenaki hupandisha presha ileile unayoitibu asubuhi. Usiache dawa ya presha! Hiyo endelea nayo. Ila diklofenaki isitishe hadi umwone daktari, na umwombe kreatinini. Ni kipimo cha damu cha figo, cha kawaida.

Mfamasia_Malindi #12
Ahsante nesi, mimi nilipitwa na hilo, nilisoma losartani nikaishia hapo.

Na zile siku 22 zinanirudisha kwenye kichwa. Mwenye kipandauso akimeza vituliza maumivu vya kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, au tramadoli na vidonge vya mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa miezi zaidi ya mitatu, dawa zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Unameza kwa sababu kinauma, kinauma kwa sababu unameza. Ukiacha, siku za mwanzo kitazidi kabla hakijapungua. Usidhani unakufa.

Mkulima_Mpeketoni #13
Habari zenu. Mimi naona mnamtia hofu. Nimetumia diklofenaki miaka tisa kwa goti, na jembe nalima. Figo zangu ziko sawa.

Na mbona hamuulizi brusela, ile homa itokayo kwa mifugo? Mimi nilikuwa na mwili kuuma hivyohivyo, nikapimwa kwa kutobolewa kidole, nikaambiwa brusela, nikachoma sindano. Maziwa ya mbuzi mabichi hayo.

Nesi_wa_Zamu #14
Umezipima hizo figo, kaka, au unaziona ziko sawa kwa sababu unalima?

Brusela ipo kweli, na maziwa yachemshwe. Lakini kile kipimo cha haraka hudanganya mara nyingi, wapo waliochomwa sindano kwa ugonjwa wasiokuwa nao. Je, wewe baada ya sindano mwili ulipona?

Mkulima_Mpeketoni #15
Ulipungua. Ukarudi. Nitapima figo, sikatai.

Mwamu_Ughaibuni #16
Salamu kutoka Uingereza, kwetu ni Mkomani hapo Lamu. Mke wangu ana fibromialjia, kwa hiyo haya nimeyasoma kwa machozi.

Huku mwongozo wa NICE (taasisi inayowaandikia madaktari miongozo ya matibabu) wa Aprili 2021 unaitia fibromialjia kwenye kundi la maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine, na unawaambia madaktari wasianzishe parasetamoli, wala diklofenaki na jamaa zake, wala opioidi (jamii ya tramadoli), wala pregabalini na gabapentini. Zilizobaki ni dawa za sonona: amitriptilini, duloksetini na nyingine chache, pamoja na mazoezi na tiba ya mazungumzo. Kwa goti wana mwongozo mwingine wa 2022: anza na jeli ya kupaka ya jamii hiyohiyo ya diklofenaki, na mazoezi ya paja.

Lakini Marekani waliidhinisha pregabalini kwa fibromialjia mwaka 2007 na duloksetini 2008. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasoma majaribio hayohayo ikakataa zote mbili. Kwa hiyo dada, usijione mjinga kwa kutojua uchague ipi.

Nahodha_Ngomeni #17
Tiba ya mazungumzo tunayo hapa barazani, bure, na kahawa juu. Tabu ni kwamba watu wenyewe hawamalizi mazungumzo bila kumpa mgonjwa dawa tatu.

Mfamasia, mbona pregabalini kwa mgongo wangu haikufanya kitu zaidi ya kunilevya?

Mfamasia_Malindi #18
Nahodha, kwa maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni lilifanyika jaribio Australia, likatoka 2017: pregabalini haikushinda kidonge kitupu kisicho na dawa, na kizunguzungu kilikuwa kingi zaidi. Bado inaandikwa kila siku. Ulichokiona kwenye boti kilionekana na watafiti pia.

Msabaki #19
Nami nichangie, niko Malindi, nina kisukari miaka 11. Miguu inawaka usiku kama nimekanyaga makaa, shuka ikigusa kidole naruka. Nilianza amitriptilini, nikashindwa kukojoa vizuri (nina tezi dume pia), wakanihamishia duloksetini 30 wiki moja halafu 60. Kichefuchefu siku kumi, nilikula ndizi mbichi za kuchemsha tu. Baadaye moto ukapungua, nusu hivi. Jasho jingi limebaki. Kwa hali yangu Waingereza walizilinganisha hizi tatu mwaka 2022, amitriptilini, duloksetini na pregabalini, zikatoka karibu sawa. Daktari wangu akaniambia basi tunachagua kwa madhara, siyo kwa nguvu. Hiyo kauli ilinisaidia kuliko dawa zote za kwanza.

Wenye kutafuna muguka (jamii ya miraa) mjiangalie. Mimi nilitafuna nikiwa kwenye duloksetini, moyo ulinienda mbio hadi nikapelekwa hospitali usiku.

Gede_Kijana #20
Mimi natumia tramadoli kwa bega tangu nianguke na bodaboda. Zamani moja ilinitosha, sasa nameza tatu na bado. Nikikosa siku moja natetemeka. Hiyo ni bega au ni nini?

Mfamasia_Malindi #21
Kijana, nimekutumia ujumbe pembeni, tafadhali usome leo. Usiikate ghafla, na usiongeze. Hiyo hupunguzwa kidogokidogo na daktari akikuangalia, na huna haja ya kuona haya.

Kwa wote: tramadoli na duloksetini, au tramadoli na amitriptilini, hazichanganywi kiholela. Zote zinapandisha serotonini, kemikali ya ubongo, mtu anaweza kupata joto kali, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kifafa. Halafu duloksetini inazuia tramadoli kugeuzwa kwenye ini kuwa ile hali yake yenye nguvu. Unabeba hatari na hupati nafuu. Mshona_Kofia, bingwa alijua una tramadoli nyumbani?

Mshona_Kofia #22
Hakuuliza, sikusema. Nilidhani tramadoli ni Panadol kubwa.

Mzee_wa_Langoni #23
Mfamasia uliahidi kurudi kwa chikungunya. Sijasahau.

Mfamasia_Malindi #24
Nimerudi, mzee. Uko sahihi kwa mengi. Waliopima damu Lamu Oktoba 2004 walikuta karibu robo tatu ya watu wameipata. Jina lenyewe ni la Kimakonde, ugonjwa unaomkunja mtu, ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Na ni kweli wapo wanaobaki na maumivu ya viungo miezi na miaka.

Tatizo ni hili. Kama robo tatu ya mji walipata na maumivu haya yanatokana nayo, mbona mji mzima hauumwi? Na yale ya chikungunya hukaa kwenye viungo, hasa vifundo na vidole, na huvimba. Dada anasema mabega na mapaja, nyama.

BintiShela #25
Mfamasia, hapo sikubaliani nawe kabisa. Homa kali, ajali, msiba, vyote vinaweza kuiamsha fibromialjia kwa mtu aliyekuwa tayari kuipata. Yangu ilianza baada ya kuzaa kwa upasuaji na kufiwa na baba wiki moja. Kwa nini yake isiwe iliamshwa na homa ya 2004? Mzee anaweza kuwa na haki na bingwa pia.

Nesi_wa_Zamu #26
Kabla hatujagawana haki: Mshona_Kofia, viganja vyako asubuhi hukaza muda gani kabla hujaweza kushika sindano? Na je, vinavimba?

Mshona_Kofia #27
Kama dakika arobaini, siku za upepo wa kusi hufika saa. Vifundo vya katikati vya vidole viwili vimevimba kidogo, pete ya ndoa niliivua mwaka jana. Nilidhani ni sindano. Mama yangu naye mikono ilikuwa hivyo, naye alishona.

Nesi_wa_Zamu #28
Hilo silipendi. Kukaza kwa muda huo na uvimbe wa vifundo, daktari lazima aangalie baridi yabisi yenyewe, ile ambayo kinga ya mwili inajishambulia. Walipima RF, kile kipimo cha damu cha ugonjwa huo?

Mshona_Kofia #29
Ndiyo, karatasi ipo, imeandikwa hasi.

Nesi_wa_Zamu #30
Hasi haifungi mlango. Wapo wenye ugonjwa huo na RF yao ni hasi. Kipo kipimo kingine, anti-CCP. Nakuhimiza kwa sababu ikiwa ndiyo, dawa zote tulizobishania hapa haziokoi viungo, inahitajika methotreksati (dawa ya kutuliza kinga ya mwili) au nyingine za kundi lake, na mapema. Na mtu anaweza kuwa nayo pamoja na fibromialjia, moja haiifukuzi nyingine. Inaweza pia kuwa uchakavu wa vidole kama wa goti, au mzee ana haki na ni masalio ya 2004. Kwa simu siwezi kuvitofautisha.

Tiba_za_Wazee #31
Mnaona? Kutoka magonjwa matatu sasa ni matano. Dada, sogea usikae kwenye saruji, walau weka mkeka na mto.

BintiShela #32
Kwa hilo la mkeka nakuunga mkono kwa mikono miwili. Na awe anatembea. Mimi huenda ufukweni Shela alasiri maji yakitoka, mchanga mgumu, nilianza dakika tano tu. Siku ya kwanza nilirudi nikilia. Sasa nafika dakika thelathini, na hakuna kidonge kilichonisaidia kuliko hapo, ingawa bila kidonge nisingeweza hata kuanza.

Nahodha_Ngomeni #33
Huko Lamu hata punda wana zahanati yao tangu 1987. Mshona kofia wetu kutafutiwa kipimo kimoja cha vidole siyo jambo kubwa. Tuchange nauli ya Mombasa?

Mshona_Kofia #34
Allah awalipe, nauli ninayo. Kofia moja nzuri inanifikisha Mombasa na kunirudisha. Swali la mfungo: Ramadhani inakuja, nitapangaje?

Mfamasia_Malindi #35
Amitriptilini haina tabu, ni mara moja baada ya futari. Duloksetini nayo mara moja, pamoja na chakula, lakini kidonge chake usikifungue. Pregabalini mara mbili, futari na daku. Diklofenaki ya kumeza juu ya tumbo tupu na mwili usio na maji, hapana kabisa. Na hiyo H ya losartani mwulize daktari kabla ya mfungo. Mwulize pia kuhusu kandesartani: ni ndugu wa losartani, inashusha presha na hutumika kuzuia kipandauso. Huenda ukatoa kidonge badala ya kuongeza.

Mwamu_Ughaibuni #36
Mfamasia, hiyo ya kandesartani mke wangu anaitumia. Sikuwahi kuunganisha hadi leo.

Mshona_Kofia #37
Jamani nimerudi, ni wiki ya tatu sasa.

Nilikwenda na karatasi, maswali tisa, daktari kijana akayasoma yote akavuta kiti. Kreatinini imepanda kidogo, akasema tumewahi. Diklofenaki ya kumeza imesimamishwa, goti napaka jeli. Tramadoli nimeirudisha, nilikuwa natumia kwa vipindi kwa hiyo hakuona haja ya kuipunguza polepole. H imeondolewa kwa sasa, presha nipimwe kila wiki. Kandesartani akasema ni swali zuri, ila hapa haipatikani, ataulizia. Duloksetini nayo ni ya kuagiza, inakuja kwa basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti, na bei ya mwezi mmoja ni kofia nzima. Kwa hiyo nimeanza amitriptilini, nusu ya nusu ya kile kidonge, saa mbili usiku.

Kichwa siku sita za kwanza kiliniadhibu. Nilikaa chumbani na kanga usoni, nikajiambia Mfamasia alisema, Mfamasia alisema. Siku ya saba kikalegea. Wiki hii kimeniuma mara moja tu. Usingizi bado. Ulimi umekauka, natafuna mdalasini.

Bingwa mwingine wa Mombasa nina miadi naye mwezi ujao kwa vidole. Damu ya anti-CCP imetolewa, majibu bado.

Nesi_wa_Zamu #38
Alhamdulillahi. Kreatinini irudiwe, usisahau tarehe.

Mzee_wa_Langoni #39
Majibu yakiya hasi, mutasema ni chikungunya?

Mfamasia_Malindi #40
Yakija hasi, mzee, tutabishana tena, nawe utaanza.

Mkulima_Mpeketoni #41
Nimepima figo. Daktari amesema nirudi Jumatatu kwa kipimo cha pili. Mshona_Kofia, ile jeli ya kupaka inaitwaje hapo dukani?

Mshona_Kofia #42
Kaka, ni jeli ya diklofenaki, waambie ya kupaka siyo ya kumeza. Lakini wewe subiri Jumatatu, na umwambie daktari kuhusu ile miaka tisa. Nimekuandikia maswali yangu yote tisa kwenye ujumbe wa pembeni, yanakili.

Gede_Kijana #43
Nami naomba hayo maswali. Nimeshuka hadi mbili na nusu.